Safari ya Mary Bryant: Fowey, Sydney, Kupang na Kurudi

Safari inayosimuliwa hapa ilichukua zaidi ya miaka 7, na mwanamke aliyeisafiri hakuiandika hata mstari mmoja, kwa kuwa hakujua kuandika. Tunayoyajua yametoka kwa wanaume waliopishana naye njiani: daktari wa meli, maofisa wa jeshi, mfungwa mwenzake James Martin aliyekuwa naye mashuani, na mwisho wakili mmoja wa London. Kila mmoja wao aliandika lililomgusa yeye. Nimeyapanga maelezo yao kwa tarehe, kama yanavyopangwa katika daftari la nahodha, na pale ambapo mashahidi wanahitilafiana nimesema naegemea upande gani.

20 Machi 1786, Exeter

Mary Broad, binti wa baharia wa bandari ndogo ya Fowey katika jimbo la Cornwall, anasimama mbele ya hakimu akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Yeye na wanawake wenzake wawili, Catherine Fryer na Mary Haydon, wameshitakiwa kwa kumvamia njiani mwanamke aitwaye Agnes Lakeman na kumpora kofia ya hariri pamoja na vitu vingine vya thamani ya pauni 11 na shilingi 11. Unyang'anyi wa njiani ulikuwa kosa la kunyongwa, na kunyongwa ndiyo hukumu wanayosomewa. Baadaye hukumu hiyo inapunguzwa kuwa miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo, adhabu iliyokuwa ikitolewa Uingereza kwa miongo mingi kabla yake, isipokuwa kwamba sasa hapakuwa na mahali pa kuwapeleka waliohukumiwa. Zamani walikuwa wakisafirishwa kwenda makoloni ya Amerika na kuuzwa huko kama vibarua wa mkataba. Makoloni hayo yalipoasi na kujitenga, mlango ulifungwa, magereza yakajaa, na serikali ikaanza kuzitia nanga meli kuukuu mitoni na bandarini ili zitumike kama jela. Mary anawekwa katika moja ya meli hizo, Dunkirk, iliyokuwa Plymouth.

Ningependa msomaji aikumbuke hesabu hii: miaka 7 kuanzia Machi 1786 inaisha Machi 1793.

13 Mei 1787, Portsmouth

Meli 11 zinang'oa nanga. Zimebeba wafungwa zaidi ya 700, na wanawake miongoni mwao hawafiki 200. Zinakwenda upande wa pili wa dunia, katika Botany Bay huko Australia, ghuba ambayo James Cook aliiona mwaka 1770 na ambayo hakuna Mzungu aliyerudi tangu hapo kuichunguza. Mary yumo ndani ya Charlotte. Tumboni mwake ana mimba iliyotungwa akiwa bado kwenye meli ya jela.

Huenda msomaji wa pwani atashangaa kwamba njia yao haikufuata mstari ulionyooka. Walipitia Tenerife, wakavuka Atlantiki hadi Rio de Janeiro, kisha wakairudia bahari ileile kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, kwa sababu meli za matanga hufuata upepo na mikondo, na kilomita nyingi zenye upepo wa nyuma ni nafuu kuliko chache zenye upepo wa mbele.

8 Septemba 1787, baharini, siku chache baada ya kutoka Rio

Daktari John White, aliyekuwa ndani ya Charlotte, anaandika kwamba Mary Broad amejifungua mtoto wa kike. Ni sentensi moja tu. Hasemi nani alimsaidia wala baba wa mtoto ni nani. Mtoto anapewa jina la meli, Charlotte, na anabatizwa mnamo Novemba meli zikiwa Cape Town zinapakia mifugo, mbegu na miche kwa ajili ya koloni litakaloanzishwa.

26 Januari 1788, Sydney

Botany Bay iligeuka kuwa mahali pabaya: maji ya kunywa machache, ardhi ya mchanga, nanga zimekaa wazi kwa upepo. Gavana Arthur Phillip aliuhamishia msafara wake kwenye bandari iliyo kaskazini kidogo, katika hori lenye kijito, ndani ya nchi ya watu wa Eora, ambao hawakuulizwa. Wanaume wanashushwa kwanza ili wakate miti na kusimamisha mahema. Wanawake wengi wanabaki melini hadi tarehe 6 Februari.

10 Februari 1788

Siku nne tu baadaye Mchungaji Richard Johnson anafungisha ndoa kadhaa kwa siku moja, na miongoni mwa maarusi ni Mary Broad na William Bryant. William ni mvuvi wa Cornwall aliyehukumiwa miaka 7 huko Launceston mwaka 1784, na walikuwa pamoja tangu kwenye Dunkirk. Yeye anatia saini yake katika daftari la ndoa; Mary anaweka alama.

Ndoa hiyo ilikuwa na faida ya haraka. Koloni lilijaa wezi wa mjini wasiojua kulima wala kuvua, na mvuvi wa kweli alikuwa mali. William alikabidhiwa mashua za uvuvi za serikali, akapewa kibanda chake na fungu la samaki wanaovuliwa. David Collins, mwanasheria wa koloni, aliandika kwamba William alikuwa akisema waziwazi kwamba haihesabu ndoa iliyofungwa katika nchi ile kuwa na nguvu pindi mtu akiondoka. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi kama ushahidi dhidi yake. Mimi naona yanaeleza zaidi hali ya Mary: chakula, paa na jina lake vilimtegemea mtu aliyetangaza hadharani kwamba siku moja anaweza kuondoka bila yeye.

Februari 1789

William anakamatwa akiuza samaki kwa siri badala ya kuwapeleka wote ghalani. Anachapwa viboko 100 na familia inatolewa kibandani. Hata hivyo haondolewi kwenye uvuvi, maana hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Alirudishwa kwenye mashua zilezile.

Aprili 1790

Njaa. Meli ya shehena, Guardian, ilikuwa imegonga siwa la barafu mnamo Desemba. Sirius ilivunjikia kwenye mwamba wa kisiwa cha Norfolk tarehe 19 Machi. Posho ya mtu mzima kwa wiki inashuka hadi ratili 2 na nusu za unga, ratili 2 za mchele na ratili 2 za nyama ya nguruwe iliyokaa kwenye chumvi kwa miaka. Gavana mwenyewe alitoa akiba yake ya unga iingizwe ghalani. Katika mwezi huohuo, tarehe 4, Mary anambatiza mtoto wake wa pili, Emmanuel.

Msafara wa pili wa meli ulipowasili mwezi Juni ulishusha wafungwa waliodhoofika kiasi kwamba wengi walibebwa, na wengine walikufa kabla ya kufika ufukweni. Kwa mtu aliyekuwa akifikiri kungoja tu miaka yake iishe, hiyo ndiyo picha aliyoonyeshwa. Zaidi ya hapo, karatasi za hukumu za wafungwa wengi hazikuletwa pamoja nao kutoka Uingereza, hivyo aliyedai kwamba muda wake umekwisha hakuwa na cha kuonyesha, na gavana hakuwa na cha kumthibitishia. Kifungo chenye mwisho kilikuwa kimegeuka kuwa kifungo kisicho na tarehe.

28 Machi 1791, Sydney, usiku

Kila kitu kiliandaliwa kwa mahesabu. Mnamo Desemba ilikuwa imeingia meli ya Kiholanzi, Waaksamheyd, iliyokodishwa Batavia kuleta chakula, na nahodha wake, Detmer Smit, hakuwa na mapenzi na utawala wa Waingereza. Kutoka kwake William alipata dira, kifaa cha kupimia pembe ya jua, ramani ya bahari na bunduki mbili. Mashua yenyewe ilikuwa ya gavana, ya makasia sita na tanga. Ilikuwa imepinduka majini mwezi uliotangulia na ikafanyiwa matengenezo kwa gharama ya serikali, ikapata milingoti na matanga mapya. Katika stoo yao wana ratili 100 za unga, ratili 100 za mchele, ratili 14 za nyama ya nguruwe na galoni 8 hivi za maji, yaani lita 36 kwa watu 11.

Walichokingoja ni bandari tupu. Meli ya koloni, Supply, ilikuwa imekwenda Norfolk. Waaksamheyd iling'oa nanga siku hiyohiyo. Usiku ulipoingia hapakubaki chombo hata kimoja kinachoweza kuwafukuza baharini. Wanaume wanane, Mary, Charlotte mwenye miaka 3 na nusu na Emmanuel ambaye hajafikisha mwaka au amefikisha tu, wanashuka kimyakimya na kupiga makasia hadi nje ya lango la bandari. Pamoja na William na Martin wamo William Allen, Samuel Bird, John Butcher, James Cox, Nathaniel Lilley na William Morton; Morton na William ndio waliojua uongozaji wa chombo.

Wanaume wanane, mwanamke mmoja na watoto wawili, ndio hao 11. Cox alimwachia barua mwanamke aliyeishi naye, Sarah Young, akimsihi aache maisha ya uovu. Huyo hakuchukuliwa.

Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 1791

Baada ya siku mbili wanaingia katika kijito kidogo kaskazini mwa Sydney. Martin anasema waliokota makaa ya mawe yaliyowaka vizuri, wakapata samaki tele, wakakata mioyo ya michikichi ya porini. Wenyeji waliwajia kwa amani, wakapewa nguo, wakaondoka wameridhika. Taarifa hiyo ya makaa ni ya thamani, kwa kuwa katika pwani hiyo ndiko baadaye ulikojengwa mji wa Newcastle wenye machimbo, na wafungwa waliotoroka waliyaona kabla ya utawala wenyewe kujua la kufanya nayo.

Siku chache mbele, katika bandari kubwa zaidi, wanaipandisha mashua nchi kavu kwa sababu inavuja. Wanazikalafati nyufa zake kwa nta. Safari hii wenyeji hawawataki, na wanalazimika kuirudisha majini kabla kazi haijaisha.

Aprili 1791, baharini

Hiki ndicho kipande kibaya kuliko vyote. Upepo unawasukuma mbali na pwani hadi hawaioni nchi kwa siku nyingi. Mvua haikatiki, maelezo waliyoyatoa baadaye London yanataja wiki 5 za mwanzo za mvua karibu mfululizo. Bahari inaingia mashuani, na ili kuipunguzia uzito wanatupa nguo zao majini. Mtu mmoja au wawili wanashika usukani, waliobaki wanachota maji na kuyamwaga nje usiku na mchana, wakipokezana.

Martin anataja mkono wa kila mwanamume aliyekuwa kazini, lakini kuhusu Mary na watoto anagusia tu kwamba hali yao ilikuwa ya kusikitisha. Hapa inabidi msomaji aingie mashuani mwenyewe. Chombo cha makasia sita hakina sitaha wala kibanda. Kina mabao ya kukalia, na chini ya mabao kuna maji. Unga na mchele lazima vikae mahali pakavu kuliko watu. Moto hauwashiki, basi mchele hauwezi kupikwa. Mtoto wa mwaka mmoja ananyonya kwa mama ambaye anakunywa maji ya kupimiwa kwa kikombe, na mwenzake wa miaka mitatu na nusu hana pa kusimama wala pa kulala ila mapajani. Wote wawili walifika Timor wakiwa hai. Huo si muujiza. Ni kazi ya mtu fulani, iliyofanywa saa zote za wiki 10, na haikuingia katika daftari la mtu yeyote.

Wanapopata nafasi ya kutua, nta imekwisha, na nyufa zinazibwa kwa sabuni.

Mei 1791, kwenye visiwa vya miamba ya matumbawe

Wamefika ndani ya ule ukuta mrefu wa matumbawe ulioko kaskazini mashariki mwa Australia. Katika kisiwa kidogo kisicho na watu wanakuta kasa waliopanda mchangani kutaga mayai. Wanakaa hapo siku 6, wanawachinja, wanakula, wanakausha nyama nyingine kwa moto ili wasafiri nayo, na mvua inayonyesha wanaikinga wapate kunywa. Mwaka ule, kati ya Sydney na Timor, sidhani kama walikula vizuri mahali pengine popote. Kutoka hapo wanakwenda kisiwa hadi kisiwa, wakitafuta kasa wengine na kuambulia zaidi makombe.

Mwisho wa Mei 1791, Ghuba ya Carpentaria

Wakizunguka ncha ya kaskazini wanakutana na watu wenye mitumbwi mikubwa iliyowekwa matanga, kila mmoja na wapiganaji 30 au 40, wanaotumia mishale. Wanafukuzwa. Wana maji machache, na uamuzi ni huu: kufuata pwani ya ghuba wakihatarisha kukamatwa, au kuikata ghuba moja kwa moja. Wanaikata, kwa siku 4 na nusu.

Upepo wa msimu huo katika latitudo hizo ni ule unaovuma kutoka kusini mashariki, ndugu wa kusi yetu inayoanza kuvuma kwenye pwani ya Afrika Mashariki mwezi Aprili na kuvipeleka vyombo kaskazini. Baharia wa Kilwa au wa Lamu angeuelewa mwendo wao bila maelezo: baada ya wiki nyingi za kupigana na bahari ya ubavuni, sasa upepo uko tezi, tanga limejaa, na tatizo lililobaki ni maji ya kunywa. Kutoka ukingo wa magharibi wa ghuba wanatweka tanga kuelekea Timor, na baada ya saa 36 hivi wanaiona nchi.

5 Juni 1791, Kupang, kisiwa cha Timor

Wameabiri takriban kilomita 5,000 katika mashua ya wazi, wala hakufa hata mmoja. Miaka 2 kabla yake, Juni 1789, William Bligh alikuwa ameingia katika bandari hiyohiyo ndani ya mashua ya wazi baada ya mabaharia wake wa Bounty kumwasi, na jina lake likavuma Ulaya nzima kwa ustadi. Bligh alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na watu aliokuwa nao walikuwa mabaharia.

Gavana wa Kiholanzi, Timotheus Wanjon, anawapokea kwa ukarimu. Wanasema kwamba wao ni manusura wa meli iliyozama. Wanapewa nguo, chakula na nyumba, wanaume wanapata kazi, na gharama inaandikwa kwenye hesabu ya serikali ya Uingereza.

Agosti 1791, Kupang

Siri inafichuka. Martin anadai kwamba William aligombana na mkewe, akaenda mwenyewe kwa gavana kumwambia ukweli na kuwasaliti wote, pamoja na watoto wake. Watkin Tench, ofisa aliyeisikia habari hiyo baadaye, anatoa maelezo tofauti: kwamba mwenendo na maneno yao yenyewe yaliwatia shaka Waholanzi. Naegemea upande wa Tench. Martin aliandika akiwa jela, William akiwa amekufa, na marehemu hubebeshwa mengi. Zaidi ya hayo, kumuingiza Mary katika kisa kama chanzo cha ugomvi ni mara moja kati ya mara chache anazotajwa katika maelezo yote ya Martin, jambo linalonifanya nisite zaidi.

Wanafungiwa ngomeni.

Septemba na Oktoba 1791

Nahodha Edward Edwards anaingia Kupang kwa mashua akiwa na manusura wa meli yake, Pandora, iliyovunjikia kwenye miamba mwishoni mwa Agosti alipokuwa akirudi na waasi wa Bounty aliowakamata Tahiti. Kwake, wafungwa hawa wa Sydney ni shehena ya ziada. Mwanzoni mwa Oktoba wote wanapakiwa katika meli ya Kiholanzi Rembang, wametiwa minyororo, kuelekea Batavia.

Desemba 1791, Batavia

Batavia, Jakarta ya leo, ulikuwa mji wa biashara uliojaa mifereji ya maji yaliyotuama, na homa zake ziliwaua mabaharia kwa maelfu. Emmanuel anafariki tarehe 1 Desemba. William anafariki hospitalini tarehe 22 ya mwezi huohuo. Katika safari inayofuata kuelekea Cape Town, Cox anapotelea majini kwenye Mlango wa Sunda, na Morton na Bird wanakufa. Kati ya watu 11 waliofika Timor wakiwa wazima mikononi mwao wenyewe, 5 wamekufa mikononi mwa dola.

Machi hadi Aprili 1792, Cape Town

Waliobaki wanahamishiwa katika meli ya kivita Gorgon, inayowarudisha Uingereza askari waliomaliza zamu yao Sydney. Sadfa inawakutanisha na Watkin Tench, huyohuyo niliyemtaja juu, ambaye alikwenda Australia ndani ya Charlotte pamoja na Mary na aliwajua yeye na mumewe tangu mwanzo. Tench aliandika kwamba hakuwahi kuwatazama watu hawa bila huruma na mshangao, na kwamba waliushindwa uhuru baada ya kushinda kila kitu kingine. Ofisa wa mfalme kuandika hivyo kuhusu watoro si jambo dogo.

6 Mei 1792, baharini

Joto la ikweta linawaua watoto ndani ya Gorgon mmoja baada ya mwingine, wengi wao wa askari. Luteni Ralph Clark anaandika katika shajara yake kwamba usiku uliopita mtoto wa Mary Broad, yule mwanamke mfungwa aliyetoroka na mashua ya uvuvi, alifariki, na mwili ukakabidhiwa baharini. Charlotte alizaliwa baharini katika Atlantiki ya kusini na akazikwa katika bahari hiyohiyo. Alikuwa na miaka 4 na miezi 8.

7 Julai 1792, London

Mary, Martin, Allen, Butcher na Lilley wanafikishwa Old Bailey. Kutoroka kutoka uhamishoni kabla ya muda kwisha kulibeba adhabu ya kifo, lakini magazeti yalikwisha kuisimulia safari yao na watu walikuwa upande wao. Mahakama inaamua wabaki gerezani chini ya hukumu zao za awali. Wanasema afadhali wafe kuliko kurudishwa New South Wales, na kwamba Newgate, gereza lililoogopwa kuliko yote mjini, kwao ni pepo.

James Boswell, wakili na mwandishi, anasikia habari zao na kuanza kumwandikia Henry Dundas, waziri wa mambo ya ndani, akiomba wasamehewe.

2 Mei 1793, Newgate

Msamaha wa mfalme kwa Mary unatolewa. Sasa turudi kwenye hesabu ya mwanzo: hukumu ya Exeter ilikuwa ya Machi 1786 na miaka yake 7 iliisha Machi 1793. Vitabu vinausifu msamaha huu kama ukombozi, na Boswell anastahili shukrani kwa kuhangaika. Lakini kwa kalenda, Mary alisamehewa wiki sita baada ya kumaliza kifungo chake hadi siku ya mwisho.

12 Oktoba 1793, London

Boswell amempangia chumba, amemchangishia fedha na kuwatafuta ndugu zake huko Cornwall. Jioni hii anamsindikiza hadi gati la Southwark kupanda chombo kinachokwenda Fowey. Mary alikuwa amempa majani makavu ya mtambaa unaoota karibu na Sydney, ambao wafungwa waliuchemsha badala ya chai kwa sababu ya utamu wake. Majani hayo yamehifadhiwa hadi leo miongoni mwa karatasi za Boswell. Ni membamba, yana mishipa mitatu inayokimbia toka kikonyo hadi ncha, na ndiyo kitu pekee kilichobaki kutoka mkononi mwake.

Novemba 1793

Wanaume wanne wanaachiliwa. Butcher anaomba kujiunga na jeshi la New South Wales, anarudi kulekule alikotoroka akiwa amevaa sare, na mwaka 1795 anapewa ekari 25 za ardhi huko Parramatta.

1794, Cornwall

Boswell aliahidi kumlipa Mary pauni 10 kwa mwaka, na mchungaji wa Lostwithiel, mji ulio karibu na Fowey, ndiye aliyezipitisha fedha hizo na kuandika barua ya shukrani kwa niaba yake. Ahadi ilikuwa na sharti la tabia njema. Mwanamke aliyekuwa amemaliza kifungo, kisha akasamehewa, aliendelea kuzipokea pauni 5 kila nusu mwaka kupitia kwa mtu mwingine, alimradi ilionekana kwamba anaenenda vizuri.